Waya Uliochomolewa kwa Mkono

Siku ya nne tangu mpima ardhi mstaafu aanguke kutoka roshani ya nyumba yake, Inspekta alikuwa bado hajajaza kile kisanduku cha fomu kinachouliza chanzo cha kifo. Mkuu wa kituo alikuwa ameshapita mezani kwake mara mbili asubuhi hiyo. Mara ya kwanza alimsalimia. Mara ya pili hakusalimia.

"Kesho saa tatu yule mama wa miwani anapelekwa mahakamani," alisema. "Uzembe uliosababisha kifo. Jalada nalitaka mezani kwangu leo, kabla ofisi haijafungwa. Unangoja nini?"

"Naangalia kitu, Mkuu."

"Kiangalie upesi."

Kitu chenyewe kilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa nailoni: miwani ya uhalisia pepe, ile ya kuvaa usoni kama barakoa, mtu akajiona yuko mahali pengine kabisa na huku makalio yake yako palepale kwenye kiti. Mtaani waliiita miwani pepe. Za madukani bei yake ilikuwa haishikiki. Hii iliundwa kwa mkono: vioo viwili vya simu kuukuu, lenzi mbili, sifongo ya godoro, mkanda wa begi la shule, na waya mnene wa kuchomeka kwenye kompyuta yoyote ya nyumbani. Aliyeiunda ni mama mmoja mtu mzima, wateja wake walimbatiza Fundi Macho. Alikuwa amekwisha kuuza thelathini na kitu kwa watu wa pensheni na watu wa mshahara mdogo. Sasa karakana yake ilikuwa na utepe wa polisi mlangoni, na yeye mwenyewe alikuwa na siku ya tatu mahabusu.

Habari ilivyosimuliwa ilikuwa hivi. Mpima alikuwa na miaka sabini na moja na magoti mabovu. Aliitafuta miwani ile ili apande tena milima aliyoipima ujanani. Asubuhi ya tukio mkewe alikwenda sokoni. Mzee akabaki peke yake, akavaa miwani, akajisahau, akatembea akiwa haoni mpaka roshani, akauvuka uzio wa chuma uliomfika kiunoni, akaangukia uani. Alikutwa na miwani pepe usoni. Kila mtu alielewa. Hata gazeti lilielewa.

Inspekta hakuwahi kuyapenda majalada ambayo kila mtu ameyaelewa. Aliinua mfuko mwingine, mdogo. Ndani yake mlikuwa na miwani ya kawaida ya marehemu, mkono mmoja umevunjika, kioo kimoja hakipo. Ilikutwa chini ya bega lake. Akainuka, akaenda mahabusu.

Fundi Macho aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amejifunga khanga begani, nywele kazichana kwa vidole.

"Habari ya hapa, mama?"

"Ya hapa ni ya hapa, afande."

"Nijibu kitu kimoja bila kuzunguka. Mzee alipookotwa, miwani yake ya kuonea ilikuwa imevunjika chini yake. Mtu anaweza kuvaa miwani mbili kwa mpigo?"

Jibu Inspekta alikuwa nalo tayari, alitaka kulisikia tu. Haiwezekani. Basi mzee alipoanguka alikuwa amevaa miwani yake ya kila siku, hakuwa kwenye milima yoyote, na mama huyu anakwenda zake nyumbani.

Fundi Macho aliitazama meza. "Ningekuwa mjanja ningesema haiwezekani."

"Kwani?"

"Inawezekana, afande. Wateja wangu wengi ni wazee. Niliipanua kwa ndani ili mtu aivae juu ya miwani yake; na akianguka, ile ya ndani inaweza kuponyoka. Yeye hasa ndiye aliyenishauri. Nikikudanganya, kesho utaijaribu mwenyewe utaona."

Inspekta aliweka kalamu chini. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amewasikiliza wengi waliosema uongo ili watoke. Wa kusema kweli ili abaki ndani, huyu alikuwa wa kwanza.

"Haya. Nisaidie kwa lingine. Mtu akitembea mbali, waya unachomoka wenyewe?"

"Hauchomoki. Kichwa cha waya kina skrubu mbili ndogo, unazikaza kwa vidole. Miwani zangu za mwanzo zilikuwa zinachomoka mtu akigeuka, nikachoka kuitwa. Ukiivuta hii, ama utaburuta kompyuta, ama waya utakatika."

Inspekta aliuleta mfuko karibu na macho. Waya ulikuwa mzima. Kichwa chake hakikupinda hata kidogo. Skrubu zote mbili zilikuwepo, zimelegezwa mpaka mwisho.

"Nani alikuwa anamchomekea?"

"Mkewe. Kompyuta iko chini ya meza, na mzee hawezi kupiga magoti. Nilimfundisha mama mwenyewe mpaka akaweza." Akaivuta khanga begani, kama aliyeyasikia maneno yake kwa kuchelewa. "Sijasema lolote juu ya yule mama, afande. Nimejibu ulichouliza."

"Nimekuelewa. Kompyuta inajua waya umechomolewa saa ngapi?"

"Inaandika. Ukichomeka inaandika, ukivaa inaandika, ukichomoa inaandika. Na yake haizimwi, mzee anaiacha ipakue ramani." Akainuka nusu. "Nikuonyeshe?"

"Kaa. Wewe ni mtuhumiwa, hugusi hata kitufe kimoja." Inspekta akamsukumia karatasi. "Niandikie hatua kwa hatua. Andika kama unamwandikia mtu asiyejua kitu."

"Hilo nimezoea," alisema Fundi Macho, akiishika kalamu. "Mimi nawaandikia wazee."

Nyumba ya mpima ilikuwa ya ghorofa moja. Chini, upande wa barabarani, alikaa fundi cherehani na mashine zake mbili. Uani, alipoangukia mzee, palikuwa nyuma ya ukuta wake, hapaonekani kutoka dukani. Inspekta alimkuta akipinda pindo la gauni, pini zimejaa mdomoni. Konstebo, kijana mrefu aliyeandika maelezo ya kwanza, alisimama nyuma na daftari lake.

"Uliandikisha kwamba ulisikia mayowe ya mama wa juu, karibu na saa tano," alisema Inspekta. "Kabla ya hapo hukusikia kitu?"

Fundi cherehani alizitoa pini moja moja. "Nilisikia kishindo."

"Saa ngapi?"

"Kengele ya mapumziko pale shuleni ilikuwa inalia. Nikasema basi, washaanza kupiga mpira ukutani. Sikutoka hata kuchungulia." Sauti ikamshuka. "Ningetoka..."

"Mbona hukusema mwanzoni?"

"Huyu kijana wako aliniuliza mayowe. Hakuniuliza kishindo."

Konstebo alijikuna sikio.

Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mlinzi wa getini alimweleza Inspekta kwamba kengele ni ya umeme, imefungwa kwenye saa ya ofisi, inalia saa nne na nusu kamili. "Haijawahi kuchelewa hata siku moja," alisema. "Wanaochelewa ni walimu."

Ghorofani, mjane aliwafungulia mlango mwenyewe. Wageni wa msiba walikuwa wamepungua, sebule imepangwa upya. Nguo mbichi zilitandazwa kwenye migongo ya viti, nyingine juu ya mlango, nyingine mezani, ingawa nje jua lilikuwa kali.

"Pole tena, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Karibuni."

Inspekta aliomba ruhusa, akapiga magoti mbele ya meza ya marehemu, akaiweka karatasi ya Fundi Macho juu ya paja na kuifuata mstari kwa mstari. Mjane alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani. Hatua ya saba ilifungua orodha ndefu ya tarehe na saa. Mistari miwili ya mwisho ndiyo iliyohitajika. Wa kwanza ulikuwa wa jioni ya kuamkia siku ya tukio: miwani imevuliwa. Wa pili ulikuwa wa asubuhi ya tukio, saa nne na dakika hamsini na mbili: waya umechomolewa. Katikati hapakuwa na kitu. Asubuhi ile miwani haikuvaliwa kabisa.

Akailinganisha saa ya kompyuta na ya mkononi mwake, ambayo alikuwa ameirekebisha kwa ile ya shule. Ya kompyuta ilitangulia kwa dakika mbili.

"Kwa hiyo ni saa nne na dakika hamsini," Konstebo alinong'ona. "Na kishindo ni saa nne na nusu."

"Mtu aliyelala uani dakika ishirini hapandi ngazi kuja kuchomoa waya," Inspekta alijibu kwa sauti ileile ya chini. "Njoo huku."

Roshanini alichuchumaa. Pembeni kabisa, kwenye sakafu, palikuwa na duara la chaki.

"Hii uliichora lini?"

"Siku ileile, afande. Ndipo ilipokutwa kandambili ya marehemu."

"Angalia kilicho juu yake."

Konstebo aliinama. Juu ya chaki, na juu ya chaki tu ndipo yalipoonekana vizuri, yalikuwa yametapakaa matone madogo meusi ya chuma, yale yanayoruka mtu akichomelea. Moja lilikuwa limeunguza mstari mweupe na kuacha kitobo cha kahawia. Inspekta alipitisha kidole kwenye nguzo ya uzio. Maungio yalikuwa mapya, yanang'aa, hayajapigwa rangi. Na chini kidogo ya ungio, nailoni ya kijani ilikuwa imeyeyuka ikagandia chuma. Juu ya kichwa chake misumari miwili ya kamba ya nguo ilikuwa mitupu.

"Siku ile uliugusa uzio huu?"

Konstebo alikohoa. "Nilikuwa naangalia kandambili, afande."

Mdogo wa marehemu alikuwa na karakana ya kuchomelea mitaa miwili kutoka pale. Walimkuta kalala chini ya geti kubwa la chuma, akapenya kutoka huko na kuivua barakoa yake ya kazi. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa mabega, macho mekundu ya moto au ya kulia.

"Uzio wa roshani ya kaka yako umeuchomelea lini?" Inspekta aliuliza.

"Jana, siku moja baada ya mazishi." Hakusita hata kidogo. "Shemeji alinipigia. Alisema watu wanaingia na kutoka, nimalizie kabla mgeni hajaegemea."

"Umalizie?"

"Mwezi uliopita niliung'oa kuunyoosha. Nikaubandika kwa nukta nne tu za kuchomelea ili usimame, nikaahidi Jumamosi. Jumamosi ikaja kazi ya geti hili." Alilipiga teke dogo. "Kaka hakunilaumu. Alisema akinipata mwisho wa mwaka atashukuru."

"Jana ulipofika, zile nukta zilikuwa bado zimeshika?"

"Mbili za upande mmoja zilikuwa zimeachia. Shemeji aliufunga kwa kamba ya nguo. Ni watu wa msiba, waliuegemea." Akatikisa kichwa. "Bahati hakuanguka mtu mwingine."

Konstebo alifungua mdomo. Inspekta alimkanyaga kiatu, akafunga daftari.

"Kwani kuna nini, afande?"

"Naandika kila kitu. Ndiyo kazi."

Nje, Konstebo hakuweza kujizuia. "Hajui!"

"Hajui."

"Sasa mbona hatukumwambia?"

"Yupo wa kumwambia kabla yetu," alisema Inspekta. "Rudi kituoni. Mwambie Mkuu jalada linakuja, na asimhamishe yule mama."

Inspekta alirudi ghorofani peke yake. Mjane alikuwa amekwisha kutenga viti viwili. Labda tangu alipowaona wakichuchumaa roshanini alikuwa akimngoja.

Inspekta alimweleza haki yake ya kunyamaza. Kisha akampangia mambo kama yalivyokuwa, bila kupandisha sauti: kengele, saa nne na nusu, waya, saa nne na dakika hamsini, skrubu zilizolegezwa na vidole vilivyofundishwa, matone ya chuma juu ya chaki, kamba ya kijani.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Alilichukua shati moja bichi kutoka kwenye kiti, akalikunja, akaliweka mapajani.

"Nilirudi kutoka sokoni, nikaweka kikapu hapo," alisema. "Nikaita, kimya. Nikaona uzio unaning'inia upande mmoja. Sikuhitaji kuchungulia, lakini nilichungulia. Nikashuka. Nikamshika shingo. Alikuwa ameshatulia."

"Halafu?"

"Shemeji yangu nimemlea mimi, mwanangu. Nilipoolewa alikuwa anafungwa vifungo vya shati la shule, na mfungaji nilikuwa mimi. Akijua kwamba kaka yake amekufa kwa kazi aliyoiacha kiporo, huyo hamalizi mwezi. Namjua. Nimepoteza mmoja, nikasema sipotezi wawili." Alivuta pumzi. "Nikapanda. Nikauinua uzio, nikaufunga kwa kamba. Nikachomoa miwani. Nikashuka nayo, nikamvalisha. Kisha nikapiga mayowe. Yale mayowe hayakuwa ya kuigiza, afande."

"Nayaamini. Na Fundi Macho?"

"Nilidhani lawama itakuwa ya mashine. Mashine haina mama, haina watoto. Sikufikiria kwamba nyuma ya mashine yuko mtu."

"Kesho yake walipomkamata ulijua."

"Nilijua."

"Na jana bado hukusema?"

Vidole vya mjane vilitembea kwenye ukosi wa shati. "Jana alikuja binti yake kunipa pole. Alikaa hapo ulipokaa wewe. Hakuniomba kitu. Nilimpa chai, akanywa, akaaga."

Barabarani watoto wa shule walikuwa wakitoka. Kelele zao zilijaa chumbani, kisha zikapungua.

"Huwezi kuandika kwamba alijikwaa?" mjane aliuliza. "Alijikwaa tu, basi. Yule mama atoke, na kijana wangu asijue."

Inspekta alilifikiria kweli. Aliligeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta mshono katika kitambaa. "Atatoka, lakini watasema ameachiwa kwa kujuana," alisema mwishowe. "Nani atavaa tena kitu chake? Ukweli unaomtoa ndani ndio huohuo utakaomfikia shemeji yako, mama. Sina wa pili."

Mjane aliinamisha kichwa.

"Tutaandika maelezo yako, utasaini. Utajibu kwa kuhamisha ushahidi na kudanganya polisi, sitakuficha. Lakini njia ya kituoni inapita karakana. Asisikie kwangu. Asisikie gazetini."

Walifika jua limeanza kulegea. Inspekta alibaki barabarani. Kutoka pale aliona mdogo wa marehemu akiinuka haraka, akifuta kigoda kwa kitambaa na kumsogezea mjane. Mjane hakukaa. Jirani alikuwa anakata bati, kwa hiyo maneno hayakusikika. Alichoona Inspekta ni mikono ya mjane ikiongea taratibu, na mikono ya yule mwanamume, iliyokuwa bado na kitambaa, ikiacha kufuta. Kitambaa kilianguka. Kisha yeye mwenyewe akaketi sakafuni, kwenye vumbi la chuma, kama mtoto aliyechoka. Mjane alijishusha kwa shida mpaka akakaa kando yake, akakivuta kile kichwa kikubwa begani kwake.

Bati lilikatwa, jingine likawekwa, nalo likakatwa. Inspekta hakuangalia saa.

Hatimaye mwanamume alitoka. Alisimama mbele yake, uso umelowa, mikono mbele.

"Nifunge."

"Utaandikisha maelezo, na sheria itasema yake. Pingu sina haja nayo."

"Yule mama wa miwani yuko ndani tangu lini?"

"Leo siku ya tatu."

Alirudi ndani, akazima swichi kubwa ukutani, akashusha mlango wa karakana na kuufunga. "Basi nimwone yeye kwanza."

"Nitaanza mimi," alisema mjane.

Kituoni, Mkuu aliyasoma maelezo akiwa amesimama, akayarudia akiwa ameketi, kisha akatia sahihi amri ya kuachiwa. Konstebo alikwenda na ufunguo. Fundi Macho alipotokeza kaunta, mjane alikuwa amesimama katikati ya chumba, shemeji nyuma yake.

Mjane aliyasema yote, kwa kifupi, bila kujitetea. Alisema alichomvalisha mumewe usoni na kwa nini. Alisema alijua tangu kesho yake. Mwisho alisema kuhusu binti.

Fundi Macho alimsikiliza akiwa ameshika ukingo wa kaunta. Konstebo alisahau kuandika.

"Ulimpa chai?"

"Nilimpa."

"Chai nakushukuru," alisema Fundi Macho. "Hilo lingine, nipe muda."

Akalivuta kwake daftari la vitu vya mahabusu, akasaini mbele ya kila kimoja: simu, mkanda, bisibisi ndogo. Bisibisi aliitia mfukoni. Alipofika mlangoni, shemeji alijibana ukutani kumpisha. Fundi Macho alisimama, akamtazama usoni kwa utulivu, kama anayepima upana wa macho ya mteja mpya.

"Pole na msiba wa kaka yako," alimwambia, akatoka.